Siku niliyodhani mgeni wangu yuko uchi

Binti yangu yuko kidato cha pili. Ijumaa iliyopita alirudi nyumbani amenuna, begi akalitupa kwenye kochi, salamu hakutoa. Nikamuuliza kulikoni. Akanichomolea daftari la Kiingereza, akalifungua ukurasa wa katikati, akasema, "Baba, hii ni kazi yako."

Ilikuwa insha ya safari. Ameeleza vizuri tu walivyopanda kwenda kwa bibi yake Kilema, kona baada ya kona, mvua, matope, gari likagoma mlimani wakashuka wakatembea. Halafu ameandika kwamba walipofika kwa bibi wote walikuwa knackered. Neno hilo mwalimu amelizungushia duara jekundu, na pembeni ameandika "naked", na alama mbili za kuuliza. Daftari likasomwa mbele ya darasa. Darasa likacheka mpaka kengele.

Nikacheka na mimi. Hilo lilikuwa kosa, chai ya siku ile nilijipikia mwenyewe. Lakini sikumcheka mtoto. Nilicheka kwa sababu mwalimu wake ameteleza mahali pale pale nilipoteleza mimi mwaka 2008, tofauti ni kwamba yeye aliteleza darasani kwenye sakafu ya saruji na mimi niliteleza Horombo, kambi ya mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, nikiwa na beseni la maji ya moto mikononi.

Kwa msomaji wa Dar au Mwanza niseme kwanza: mimi ni gaidi. Usipige simu polisi. Huku Moshi na Arusha gaidi ni mtu anayeongoza watalii, neno tumelikata kutoka Kiingereza bila kuuliza kama nafasi yake ina mwenyewe. Nilianza kama pota, nikabeba mizigo ya watu miaka minne, na mwaka huo wa 2008 ndiyo kwanza nilikuwa nimepanda kuwa gaidi msaidizi. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, cha kusoma ubaoni. Nilijua "this is a lobelia" na "drink more water". Zaidi ya hapo nilikuwa natabasamu.

Njia ilikuwa ya Marangu, wageni wanne kutoka Uingereza. Siku ya pili mnatoka Mandara asubuhi mnaingia Horombo jioni, kama kilomita kumi na moja za kupanda, msitu unaisha, vichaka vinaanza, vumbi linaanza. Kati yao kulikuwa na mama mmoja wa Sheffield, mwalimu mstaafu, wa umri wa mama yangu. Alitembea taratibu, kwa heshima zote, akafika wa mwisho, akaingia kwenye kibanda chake akafunga mlango.

Nikampelekea maji ya kunawa. Nikagonga. Sauti ikatoka ndani: "Oh love, I'm absolutely knackered."

Mimi nilichosikia ni kwamba mama huyu yuko uchi. Na si uchi tu, yuko uchi kabisa, maana neno absolutely nililijua. Nikaweka beseni chini kama limeniunguza. Nikageuka, nikakitazama kilele cha Mawenzi kama vile sijawahi kukiona maishani. Nikasema "sorry, madam" mara tatu au nne. Weita alikuwa anakuja na chai na sahani ya bisi, nikamkimbilia, nikamnyang'anya njia: "Usiende. Mama hajavaa." Tukasimama pale wanaume wawili tunalinda mlango wa mama wa watu. Chai ikapoa. Bisi zikapoa. Kule juu bisi ikipoa inakuwa kama karatasi.

Baada ya robo saa mlango ukafunguka. Mama amevaa koti la manyoya, suruali mbili, kofia mbili moja juu ya nyingine. Akauliza chai iko wapi. Nikamjibu huku naangalia viatu vyangu, "You said you are naked, madam."

Alishika mlango. Kwanza nilidhani anakohoa. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akawaita wenzake, wakaja, akasimulia, wakacheka wote, na mimi nikacheka bila kujua nacheka nini. Saa ya chakula cha usiku habari ilikuwa imefika jikoni, na kutoka jikoni ilishuka mlima kuliko nilivyoshuka mimi. Kuna mapota Marangu mpaka leo wakiniona wananiuliza, "Mkuu, mama amevaa?"

Usiku ule mezani alichukua daftari langu akaniandikia neno lenyewe. Herufi ya kwanza ni K, na K hiyo haitamkwi, kama ile ya knife na knee. Zamani sana Waingereza waliitamka, siku hizi wameiacha inakaa pale kama mzee wa mtaa, haifanyi kazi lakini huwezi kuiondoa. Ukiisha kuinyamazisha, kinachobaki ni kama "nakad". Lile jingine, la uchi, sisi shuleni tuliambiwa "neked", wao hulivuta, "neikid". Kwenye karatasi hayafanani hata kidogo. Kwenye sikio la Mchaga lenye baridi ni mapacha.

Maana yake: nimechoka. Lakini nimechoka ya namna gani, hapo ndipo mama wa Sheffield alipogeuka kuwa mwalimu tena, akasogeza sahani pembeni.

Akaniambia kulikuwa na mtu aliyeitwa knacker. Kazi yake kununua farasi waliokwisha. Uingereza ya karne ya 19 haikuwa na magari, London nzima ilivutwa na farasi: mizigo, abiria, makaa ya mawe, bia. Farasi akivuta miaka yake, akaanza kuchechemea, mwenye farasi hamlishi bure. Anamwita knacker. Yule anakuja, anatoa senti kidogo, anamchukua farasi kwenye ua wake anamchinja. Ngozi inakwenda kwa watengeneza viatu. Kwato na mifupa vinachemshwa vinakuwa gundi. Nyama ni ya mbwa na paka wa mjini. Manyoya ya mkia yanajazwa kwenye viti vya wenye nacho. Hakuna kilichotupwa. Na kazi hiyo bado ipo, ukiwa na shamba Uingereza ng'ombe wako akafa, anayekuja na lori kumchukua bado wanamwita hivyo.

Basi mtu akisema yeye ni knackered, ndani ya neno anasema: nimefika hali ya yule farasi, niiteni ile gari inichukue.

Nilipowasimulia mapota jikoni, mmoja ambaye kwao ni Longido, Mmasai, hakucheka. Akasema, "Hao watu tutawaona na sisi." Sikumwelewa. Miaka ikapita, wanunuzi wa ngozi za punda wakaingia nchini, machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga, ngozi zinasafirishwa China zichemshwe zitengenezwe dawa inayofanana na gundi. Punda wakaanza kuibwa usiku. Mwanamke aliyezoea kuchota maji na punda akaamka akakuta kamba tu. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukafunga biashara hiyo ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Nilimpigia yule ndugu wa Longido nikamwambia knacker wake amefungiwa. Akanijibu kwamba punda wake wawili hawajui kusoma maazimio, na hawajarudi. Sisi tunasema punda afe mzigo ufike. Wale walikuja wakasema punda afe, mzigo ni yeye mwenyewe.

Nimetoka kidogo kwenye njia, turudi.

Neno hili ni la mdomoni. Huliandiki kwenye barua ya kuomba kazi wala fomu ya ubalozi, na kwa hilo namkubalia mwalimu wa binti yangu nusu alama. Waingereza wengine wa makamo huona lina ukakasi kidogo, kwa sababu lipo neno la karibu yake, lenye s mwishoni, ambalo ni jina la mtaani la zile mbili za mwanaume. Halafu mgeni mmoja wa Ireland aliniita pembeni akanionya: kusema umechoka kwa neno hilo hakuna shida, lakini usithubutu kumwita mtu knacker kule kwao, ni tusi la kuwadhalilisha jamii ya watu wanaohamahama, na ngumi itafuata. Nimeliweka hilo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Na ni neno la Waingereza na ndugu zao: Ireland, Australia, New Zealand. Wamarekani hawalitumii. Niligundua kwa kujivunia. Nilikuwa na mgeni wa Colorado, tumefika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, nikataka kuonyesha kwamba Kiingereza changu siyo cha ubaoni tena, nikapumua kwa nguvu nikamwambia, "I'm knackered." Akanitazama juu mpaka chini. Akauliza kwa upole, "You're what?" Nikaona macho yake yanahakikisha kama nimevaa suruali. Nikajua duara limenirudia.

Kuna jambo la sarufi ambalo mimi lilinisaidia kuliko kitabu chochote. Kwa miaka miwili nilikuwa nawauliza wageni "Are you tiring?" na nikiwa nimechoka kusubiri nawaambia "I am boring". Walikuwa wapole, hakuna aliyenijibu kwamba naam, unachosha kweli. Mama wa Sheffield aliponiandikia knackered aliandika chini yake knackering. Nikamwuliza tofauti, akaanza kueleza mambo ya vitenzi, sikumfuata. Lakini nilipokuwa kitandani nikaiona yenyewe: hii ni kuchoka na kuchosha. Basi. Kwenye -ed ni aliyechoka, kwenye -ing ni kinachochosha. Mimi ni knackered, ile mteremko wa kurudi kutoka kileleni ni knackering. Lugha yetu ina hiyo sh ndogo inayofanya kazi yote, na miaka yote ile sikuwa nimeitumia. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mgeni kwamba mimi nachosha, hata kama ni kweli.

Jingine: hawasemi very knackered. Unaweza, hakuna atakayekukamata, lakini sikio linakataa. Wanasema absolutely, completely, totally. Neno limeshafika mwisho lenyewe, huwezi kulisukuma mbele kidogo, unaligonga tu muhuri. Hapo nikakumbuka neno letu hoi. Mtu kachoka hoi. Nani anasema "hoi sana"? Hakuna. Ukitaka kuongeza unasema hoi bin taabani, unalipa neno ubini kama mtu mzima. Ni familia moja na kulala fofofo na kulowa chapachapa.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilikuwa nawafundisha vijana wangu hivi: mgeni akisema knackered, maana yake yuko hoi. Nilijiona nimetafsiri vizuri mpaka nikajipongeza. Tafsiri hiyo ilinitoa jasho.

Siku hiyo nilikuwa Horombo na mgeni mmoja aliyekuwa na malengelenge miguuni, wenzake wametangulia Kibo na msaidizi wangu, kijana mzuri, mwaka wake wa kwanza. Jioni simu ya upepo ikakohoa.

"Mkuu, yule mgeni wa tatu yuko hoi."

"Hoi vipi?"

"Hoi kabisa, mkuu. Kasema mwenyewe. Kalala, viatu hajavua."

Sasa sikiliza neno hilo kwa sikio la Mswahili. Ukiambiwa shangazi yako yuko hoi hospitali, unavaa viatu. Unapiga simu kwa ndugu. Hoi la kitandani si la kuchoka, ni la kuaga. Na Kibo ni mita 4,700 na zaidi, mtu kuwa hoi pale haisubiri asubuhi. Nikawaambia waokoaji. Wakatoa ile machela ya gurudumu moja, vijana wanne wakaondoka nayo, wakavuka lile jangwa kati ya Mawenzi na Kibo gizani na upepo unavuma, njia ambayo mgeni huitembea karibu siku nzima.

Walimkuta mezani. Anakunywa supu ya maboga, bakuli la pili, anacheza karata na amewashinda wenzake wote. Alipoona machela akauliza kwa huruma nani anaumwa.

Mmoja wa wale vijana alishika simu ya upepo akaniita. Sitaki kuandika yote. Alimalizia hivi: "Mkuu, aliye hoi sasa hivi ni mimi."

Nikalipa soda kwa watu wanne nilipoteremka. Kijana wangu sikumgombeza sana, kosa lilikuwa la mwalimu. Neno la Kiingereza lina farasi aliyekufa ndani yake lakini Mwingereza hamwoni tena huyo farasi. Anasema knackered akitoka dukani na mifuko miwili. Anasema knackered siku ya Jumatatu asubuhi, ametoka kulala. Hoi letu halijapoa hivyo. Kwa uzito, neno lake liko karibu na "nimechoka mimi jamani" linalosemwa na mama Kiborloni akitua ndoo, na muda huo huo anaanza kumenya ndizi.

Nilibadilisha somo. Nikawaambia vijana: mgeni akisema knackered, msitafsiri. Semeni kwenye simu, kasema knackered. Halafu mwulizeni maswali.

Maana upande wa pili wa neno hili ndio unaoninyima usingizi, na upande huo una neno dogo linalotangulia: just. Nimesikia "I'm just knackered" mara nyingi kuliko nilivyokula ugali kule juu. Nimechoka tu. Na Mwingereza kwenye "tu" yake anaweza kuficha kitu cha ukubwa wa nyumba. Wao kulalamika ni aibu. Mtu anavuja damu anakwambia yuko sawa.

Kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mkimbiaji wa maratoni. Tulitoka Kibo saa sita usiku, kama kawaida ya usiku wa samiti, yaani wa kwenda kileleni. Mwanzoni alikuwa anaimba. Tulipokaribia pango la Hans Meyer, juu kidogo ya mita elfu tano, akanyamaza. Nikauliza. "Just knackered, mate. Give me a minute." Nikampa dakika. Akaomba nyingine. Nikammulika na taa ya kichwani nikaona anahangaika kuvaa glovu juu ya mkono ambao tayari una glovu, na mkono wa pili uko wazi, umeganda.

Uchovu na ugonjwa wa kimo vinavaa shati moja. Hapo ndipo ugumu. Hewa ya juu ina oksijeni ile ile, asilimia 21, lakini msukumo wa hewa unapungua, ukifika kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu ya unachopata ukiwa Tanga. Kila mtu atachoka. Na kuchoka huko kumo kwenye orodha ya dalili za ugonjwa wenyewe, pamoja na kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu. Kwa hiyo mgeni anayesema amechoka hajakuambia chochote bado. Anayepumzika akarudi rangi, huyo alichoka. Anayepumzika akazidi kuwa mjinga, huyo ubongo unavimba.

Nikamwomba atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Alitembea kama mtu anayetoka kwenye mbege ya msiba, ya siku ya tatu. Hatua ya nne akaniangukia. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Siku ya kwanza getini alinionyesha picha za mapacha wake. Akafikiri. Akafikiri sana. Akasema, "I'm just knackered."

Hatukujadiliana. Msaidizi mmoja akaendelea na wengine, mimi na pota mwenye nguvu tukamshika kwapani tukashuka. Kibo tulimpa oksijeni na dawa, hatukulala, tukaendelea kushuka naye. Hiyo ndiyo dawa kubwa, kushuka, nyingine zote ni wasindikizaji. Saa nne asubuhi Horombo alikuwa anakunywa uji na kuniuliza kwa hasira kwa nini nilimrudisha, alikuwa amechoka tu. Nikamuuliza una watoto wangapi. Akasema wawili, mapacha, kwa nini unauliza? Nikamwambia basi tu.

Hakuwahi kukumbuka swali la kwanza.

Sasa hivi nikisikia neno hilo mlimani najibu kwa maswali matatu, na kwa uso wa kucheka ili mtu asijione yuko kwa daktari. Kichwa kinauma? Umekula? Umekojoa saa ngapi? Mwenye uchovu wa kweli anajibu haraka na kutaka kujua supu ni ya nini. Mwingine anaomba dakika.

Huku chini neno limepata maisha mengine. Kiingereza kinalitumia hata kwa vitu, simu ambayo betri imekwisha nguvu, sofa lililobonyea, magoti. Magoti hasa. Hakuna Mwingereza aliyeteremka Kilimanjaro ambaye magoti yake hayakuwa knackered siku ya mwisho. Mtu wa kuzaliwa na Kiswahili hahitaji kufundishwa hili, sisi vitu vyetu vinachoka tangu zamani. Nenda soko la Memorial hapa Moshi siku ya mitumba, buti lenye soli iliyolika utaambiwa limechoka, bei inashuka. Shati linachoka kola. Hata mtu, ukisikia jamaa kachoka kwa namna fulani ya sauti, ujue si usingizi, ni mfukoni. Na mchovu ni tusi kabisa, usimwite mtu mchovu kama huna ndugu wa karibu.

Jirani yangu ana Noah. Mwezi uliopita fundi alilala chini yake saa nzima, akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi, akajifuta, akasema, "Mangi, gia boksi imechoka." Jirani akauliza, imechoka au imekufa? Fundi akafikiri, kama vile gari ni la mamake. "Imechoka ya kufa." Nikamwambia jirani, hiyo Waingereza wana neno lake moja tu. Nikampa. Akalipenda. Sasa kila asubuhi anapiga stata, gari linakohoa, na juu ya ukuta nasikia "nakad!" Mke wake ananiuliza nimemfundisha nini mume wake, maana wapangaji wapya wa nyumba ya nyuma wanajua Kiingereza na wameanza kuchungulia.

Na binti yangu ndipo alipolitoa, si mlimani. Kwenye ukuta wa jirani. Alikuwa ndani ya ile Noah ilipogoma njia ya Kilema, na jirani ndiye aliyekuwa anaendesha na kutangaza kwa sauti kwamba gari ni nakad. Baadaye mtoto aliniuliza linaandikwaje, nikamwandikia, K mbele, nikamweleza farasi na kila kitu, nikasahau kumwambia la msingi, kwamba si neno la daftari la shule. Hapo ana haki ya kununa.

Jumapili nilikaa mezani nikaandika barua fupi kwa mwalimu, kwa Kiingereza, kwa heshima. Nikaeleza kwamba mtoto hakukosea herufi, neno lipo, ni la mazungumzo, kosa la mahali pa kulitumia ni langu mzazi. Nikaongeza mistari miwili kuhusu Horombo na beseni, ili mwalimu asijisikie vibaya peke yake. Nikaitia kwenye bahasha.

Binti akaitoa akaisoma amesimama. Akafika kwenye beseni. Akaikunja mara nne akaiweka chini ya kitambaa cha televisheni.

"Baba, hii siipeleki."

Iko pale pale mpaka leo.